Motokari ya Jamaa: Injini Yanguruma, Mwendo Hauongezeki



Kutoka Kiambi, kando ya mto Luvua, baba mmoja wa jamaa ametuletea barua ndefu. Yeye na ndugu zake wawili waliunganisha fedha wakanunua pikapu ya zamani, ya gia za mkono, iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi katika nchi nyingine kabla ya kufika kwao. Kijana wa dada yao ndiye anayeiendesha. Hupeleka mihogo, mahindi na samaki wakavu mpaka Manono, na kurudi na chumvi, sabuni na abiria. Tangu majuma machache, aandika, motokari imeanza kulia bure: ikifika penye mlima, injini yapiga kelele kama inayotaka kuruka, lakini magurudumu hayaongezi mwendo. Fundi mmoja, bila kufungua kitu wala kuijaribu barabarani, amesema sanduku la gia limekufa na sharti linunuliwe jingine. Kaka mkubwa asema kijana ameiharibu kwa mguu wake, naye ndiye atakayelipa. Na fedha iliyopo nyumbani ni ile iliyowekwa kwa ajili ya masomo ya sekondari ya mabinti wawili.

Ndugu yetu auliza maneno mawili: ugonjwa ni nini, na kosa ni la nani? La kwanza aweza kulijua yeye mwenyewe, kwa saa moja ya asubuhi, bila kulipa hata faranga moja. La pili tutalitazama mwishoni, maana haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza.

Dalili anazozieleza ni za klachi inayoteleza. Mafundi wa Kongo waliojifunza kwa Kifaransa huiita ambrayaje. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Tabora, husema klachi, na sisi hapa tutalitumia neno hilo. Kazi yake ni kuunganisha nguvu ya injini na sanduku la gia, na kuitenga dereva anapotaka kubadili gia. Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja nayo. Mbele ya sanduku la gia pana sahani nyembamba yenye lainingi pande zote mbili, mfano wa lainingi za breki. Nyuma ya sahani hiyo pana kifuniko chenye springi kali, ambacho huibana sahani juu ya gurudumu zito. Ukibana kipande cha ngozi kati ya viganja vyako viwili kwa nguvu, mwenzako hawezi kukivuta. Ukilegeza viganja, au ukivipaka mafuta, ngozi itateleza. Klachi haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Ukikanyaga pedali, springi hulegezwa. Ukiiachilia, springi hubana.

Basi klachi yenye afya, pedali ikiisha kuachiliwa, haitelezi hata kidogo. Sauti ya injini na mwendo wa magurudumu huwa vimefungwa pamoja kama ng'ombe wawili katika nira moja: kimoja kikipanda, kingine hupanda, kimoja kikishuka, kingine hushuka. Siku utakaposikia sauti inapanda peke yake na mwendo umebaki pale pale, nira imelegea. Neno hili ndilo tungependa kila mwenye motokari alikariri, kwa sababu ndilo linalotenga ugonjwa wa klachi na magonjwa mengine yanayofanana nao.

Nayo ni mengi. Katika barabara zetu za vumbi jekundu, chujio la hewa huziba upesi; chujio la mafuta vilevile, hasa kwa wale wanunuao mafuta ya chupa na madumu yenye maji na takataka. Hapo motokari hushindwa mlima, na mwenye nayo hudhani klachi imekwisha. Lakini sikiliza: injini iliyokosa hewa au mafuta hulegea pamoja na mwendo, sauti yake hufifia, haipandi. Breki iliyong'ang'ania nayo huifanya motokari kuwa nzito, ila utaigundua kwa kugusa magurudumu baada ya safari fupi: moja litakuwa na joto la kuunguza kuliko mengine. Tena kuna magurudumu yenyewe kuzunguka bure katika matope au mchanga. Hapo injini hulia na motokari haiendi, na klachi haina lawama. Kwa hiyo usiipime klachi penye matope. Ipime penye ardhi kavu na ngumu.

Kipimo cha kwanza hufanywa njiani. Tafuta mlima usio mkali, barabara tupu, motokari bila abiria. Endesha polepole kwa gia ya tatu au ya nne, kisha kanyaga mafuta mpaka chini huku ukitega sikio. Klachi iliyochoka huanza kuteleza katika gia kubwa, kwa sababu hapo motokari haiwezi kuongeza mwendo upesi, na nguvu yote ya injini yaikalia klachi kwa muda mrefu. Katika gia ya kwanza huenda usione kitu. Ndiyo maana kijana aweza kusema kwa haki kwamba motokari "yaondoka vizuri", na mjomba wake naye akasema kwa haki kwamba imekufa mlimani. Wote wawili wasema kweli.

Kipimo cha pili hufanywa motokari imesimama, nacho chahitaji uangalifu. Iweke mahali tambarare, funga breki ya mkono sana, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na watoto wote waondoke. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma. Washa injini, kanyaga klachi, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo tu, kisha achilia pedali taratibu mpaka mwisho, mguu mwingine ukiwa tayari juu ya breki. Klachi njema itaibana injini nayo itazimika papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka huku motokari imesimama, klachi yateleza, hakuna shaka tena. Izime mara moja. Kipimo hiki kifanywe mara moja, au mbili kwa siku. Anayekirudia mara kumi ili kuwaonyesha majirani aipika klachi yake kama chapati.

Harufu nayo ni shahidi. Lainingi inayoungua hutoa harufu kali, ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau. Ikija baada ya mlima mrefu, ni onyo. Ikija kila siku hata penye tambarare, sahani i karibu kwisha.

Sasa twafika mahali ambapo jamaa nyingi hupoteza fedha. Fundi akisema "klachi yateleza", wengi hujibu "haya, nunua nyingine". Lakini kuteleza ni kama homa. Homa ina sababu zake, na dawa hutolewa kwa sababu, si kwa joto la mwili. Klachi huteleza ama kwa kuwa haibanwi sawasawa, ama kwa kuwa ina mafuta, ama kwa kuwa imelika. Sababu ya kwanza huponywa mara nyingi kwa spana moja. Ya pili, ukibadili sahani peke yake, itairudia sahani mpya kabla mwaka haujaisha. Ni ya tatu tu ambayo dawa yake ni sahani mpya.

Anza na pedali. Injini ikiwa imezimwa, ikanyage kwa mkono, si kwa mguu, maana mkono husikia vizuri zaidi. Motokari nyingi za zamani zenye kebo, mwanzoni pedali hushuka kidogo bila uzito, kama sentimeta mbili hivi, kisha huwa nzito. Nafasi ile nyepesi si ubovu. Ndiyo uhai wa klachi. Yaonyesha kwamba pedali ikiachiliwa kabisa, hakuna kitu kinachoisukuma springi. Sahani inapolika, nafasi hiyo hupungua mwezi hata mwezi, na motokari huanza "kushika" pedali ikiwa juu sana, karibu na mwisho wa kuachiliwa. Nafasi ikiisha kabisa, kebo hubaki imevutwa daima, mfano wa dereva asiyeondoa mguu wake, na klachi huteleza hata kama lainingi ingalipo. Legeza kebo kwa kipimo cha kitabu cha motokari, ujaribu tena mlimani. Ikipona, mshukuru Mungu. Lakini andika tarehe, maana nafasi ile itapungua tena.

Hapa pana mtego ambao tumewaona mafundi wengi wakiingia. Kuna ugonjwa mwingine wa klachi ulio kinyume cha huu, yaani klachi isiyotengana: ukitia gia, hulia na kukwaruza, hasa gia ya kurudi nyuma. Fundi hukaza kebo ili itengane vizuri. Ikiwa amekaza kupita kiasi, gia zitaingia laini, mwenye motokari atafurahi na kulipa, na baada ya majuma mawili klachi itaanza kuteleza. Basi ndugu yetu wa Kiambi ajiulize: je, kabla ya ugonjwa huu, kuna mtu aliyeigusa kebo?

Motokari nyingine hazina kebo, bali hutumia mafuta ya breki yanayosukumwa katika bomba, kama Toyota Hilux na Land Cruiser nyingi. Hizi nazo zaweza kuteleza kwa kosa la pedali: kifimbo kinachosukuma pistoni kikirefushwa mno, au mpira wa ndani ukivimba, mafuta hushindwa kurudi na klachi hubaki imelegezwa nusu. Mpira huvimba mara nyingi kwa sababu mtu amemimina oili ya injini badala ya mafuta ya breki. Fundi ana njia rahisi ya kuhakikisha: klachi ikiwa katika hali ya kuteleza, na pedali haikuguswa, afungue skrubu ya kutolea hewa iliyo karibu na sanduku la gia. Mafuta yakiruka kwa nguvu, na kuteleza kukakoma hapo hapo, ugonjwa u katika bomba na pistoni, si katika sahani.

Kama pedali haina kosa, lala chini ya motokari utazame mahali injini inapoungana na sanduku la gia. Pakavu? Vema. Pakiwa na unyevu wa mafuta, chukua kidogo kwa kidole. Oili ya injini, hasa ya dizeli, ni nyeusi na nyepesi. Ya sanduku la gia ni nzito na yenye harufu kali. Ya kwanza yatoka katika sili iliyo nyuma ya injini, ya pili katika sili iliyo mbele ya sanduku. Yoyote kati ya hizo ikivuja ndani, lainingi hunywa mafuta na kuteleza, nayo ikiisha kunywa haioshwi ikapona. Wako wanaomwaga petroli, na wengine hata soda yenye sukari, ili ishike. Soda yaweza kukutoa matopeni siku moja. Petroli karibu na injini yenye joto yaweza kukuteketeza wewe na mzigo. Sahani iliyolowa hutupwa, lakini sili hubadilishwa kwanza. Tena fundi atazame bomba la pumzi la injini: likiziba, mvuke wa ndani husukuma oili kupitia sili hata iliyo mpya.

Wenye Land Rover za zamani wana jambo lao. Gari hilo, lililoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, lina tundu chini ya nyumba ya klachi, pamoja na kizibo chake. Kizibo hutiwa wakati wa kuvuka mto wenye kina, kisha hutolewa, ili mafuta yaliyovuja yapate kudondoka nje. Madereva wengi hukitia wakakisahau miaka na miaka. Mafuta hujaa humo ndani, na klachi huoga. Mwenye Land Rover na atazame leo hii: tundu likitoa tone moja moja, ajue sili imeanza kuchoka, naye bado ana wakati wa kuweka akiba.

Ikiwa pedali ni sawa, na hakuna mafuta, na klachi yateleza, hapo ndipo sahani imelika au springi zimechoka, na sanduku la gia sharti lishushwe. Ndugu yetu aone neno hili: kushusha sanduku la gia si kulinunua jingine. Hushushwa ili klachi ionekane, kisha hurudishwa lile lile. Sanduku lililokufa lina dalili zake: hulia katika gia fulani, hurusha gia nje, au hukataa kabisa kuingia. Barua yake haitaji hata moja. Twamshauri akatae shauri la sanduku jipya mpaka aonyeshwe sababu kwa macho yake.

Motokari ikiisha kufunguliwa, na awepo mwenyewe, pamoja na ndugu zake na kijana. Sahani, kifuniko cha springi na beringi ya klachi hubadilishwa vyote vitatu kwa mara moja. Vitakuja kutoka Lubumbashi, au Kalemie kwa njia ya ziwa, na bei ya kimoja kimoja huwatia watu tamaa ya kuacha viwili. Lakini kazi kubwa ni kushusha na kupandisha, na beringi ikifa mwezi wa tatu, kazi hiyo italipwa upya. Gurudumu zito lipigwe msasa au lichongwe ikiwa lina alama za buluu na nyufa ndogo, dalili za joto kali. Apeleke sahani ya zamani dukani, ilinganishwe na mpya: upana, idadi ya meno ya katikati, kimo. Motokari za zamani zimebadilishwa injini mara nyingi, na jina lililo juu ya boneti halisemi daima kilicho chini yake.

Na vumbi! Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake ndogo zikivutwa puani hukaa mapafuni, na huleta saratani baada ya miaka ishirini, thelathini na hata zaidi. Watu hupuliza nyumba ya klachi kwa mdomo au kwa pampu ya hewa, na wingu jeusi likawafunika mafundi wadogo pamoja na watoto waliokuja kutazama. Lisipulizwe. Lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kitiwe katika mfuko na kufukiwa mbali. Nguo za fundi zisikung'utwe ndani ya nyumba wala kuchanganywa na za watoto.

Sasa juu ya kijana. Ni kweli mguu wa dereva waweza kuimaliza klachi. Anayeupumzisha juu ya pedali njia nzima huilegeza springi kidogo kila dakika. Anayeishikilia motokari mlimani kwa klachi badala ya breki huichoma. Anayeondoka kwa gia ya pili na tani ya mihogo nyuma huitesa. Kwa hiyo wajomba na wamtazame anavyoendesha, wakae naye safari moja wakiangalia mguu wake wa kushoto, kabla ya kumhukumu. Lakini wajitazame na wao: ni nani aliyepanga mzigo? Kama pikapu ya tani moja ilipakiwa tani moja na nusu pamoja na abiria kumi juu ya magunia, kijana hakuupakia peke yake, na faida ya mzigo ule haikuwa yake peke yake.

Sahani yenyewe itasema kiasi. Ikiwa imelowa mafuta, kijana hana hatia kabisa. Ikiwa imelika sawasawa mpaka kwenye ribiti, na gurudumu halina alama za moto, ni uzee tu. Motokari ilikuwa na mabwana wengine kabla yao, na hakuna ajuaye miguu yao. Ikiwa gurudumu limeungua na beringi imekwisha kupita umri wa vitu vingine, hapo wana haki ya kumwuliza maswali. Kumdai fedha mtoto wa dada kabla sanduku halijashushwa ni kuhukumu bila shahidi, na dada yao atalikumbuka neno hilo muda mrefu baada ya motokari kuuzwa chuma chakavu.

Mpaka siku ya kufunguliwa, motokari na ifanye kazi kidogo, au isifanye kabisa. Ikilazimu kutembea, iwe kwa nusu ya mzigo, gia ndogo, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Harufu ikija, isimame ipoe. Wasiitegemee kumpeleka mgonjwa usiku. Na penye mteremko dereva akumbuke kwamba klachi inayoteleza haisaidii kuizuia motokari kwa nguvu ya injini. Breki ndizo zitakazobeba yote, nazo huchoka.

Klachi mpya ikiisha kutiwa, kwa kilometa mia tano za kwanza isipakiwe sana wala kupandishwa milima kwa gia kubwa, ili lainingi ikae vizuri juu ya chuma. Kisha kijana alale chini atazame kama pakavu, apime tena nafasi ya pedali kwa mkono, na aandike katika daftari ya motokari tarehe, kilometa, na sentimeta alizozipata.